Kuhama na Kasuku wa Kijivu kutoka Kenya hadi Uingereza: Vibali Hatua kwa Hatua

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha yenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Tangu hapo, hata anayehama na ndege wake wa nyumbani huhitaji ruhusa ya nchi mbili. Nikiwa wakala wa forodha, naona watu wakikwama kwa sababu walikata tiketi kabla ya kushughulikia vibali.

Hatua ya kwanza: thibitisha asili ya ndege. Mtazame mguuni. Pete nzima, isiyo na kiungo wala mwanya, huvishwa kifaranga akiwa na siku chache tu, kwa kuwa baadaye haipiti tena kwenye vidole. Namba yake ikilingana na risiti ya mfugaji, una ushahidi mzito kwamba alizaliwa kizuizini. Pete yenye mwanya huvishwa ndege wa umri wowote, kwa hiyo peke yake haithibitishi jambo hilo. Usipokuwa na ushahidi, usitunge hadithi. Kufuga kasuku huyu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, na ni heri uwaeleze KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukweli mapema kuliko kuhojiwa uwanja wa ndege.

Hatua ya pili: omba kibali cha kuingiza Uingereza, kinachotolewa na APHA, wakala wa serikali ya huko wa afya ya wanyama na mimea. Wengi hukosea hapa kwa kuanzia Nairobi, ilhali kwa viumbe wa Kiambatisho cha Kwanza nchi inayotoa ndege haipaswi kuidhinisha safari kabla nchi inayompokea haijaridhika kwamba lengo kuu si biashara na kwamba ndege atatunzwa ipasavyo. Masharti ya afya ya ndege yana maombi yake. Yaulizie wakati huohuo.

Hatua ya tatu: peleka kibali hicho KWS, uombe cha kutoka Kenya. Hiki hudumu miezi sita tu, basi usikiombe mapema mno. Ukikipokea, kisome neno kwa neno palepale dirishani: jina la kisayansi, Psittacus erithacus, namba ya pete, herufi ya asili, ambapo C ni aliyezalishwa kizuizini na W ni wa porini, na herufi P, yaani matumizi binafsi. Mteja wangu mmoja aliandikiwa W badala ya C, na safari ikaahirishwa hadi kibali kilipotolewa upya. Nilisikitika, kwa maana kosa hilo tungeliona kwa dakika mbili.

Hatua ya nne, siku ya safari: beba vibali halisi, si nakala, na kreti inayokidhi kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya usafiri wa anga. Usiondoke kaunta kabla ofisa hajajaza idadi ya ndege katika kisanduku namba 14 cha kibali cha kutoka Kenya, akatia saini na kugonga mhuri.