Shona barakoa ya matabaka matatu, sheria ibadilike itakavyo

Wakati wa korona, sisi mafundi wa cherehani hapa Likoni, Mombasa, tulikuwa tukiijua sheria mpya ya barakoa kwa foleni ya wateja mlangoni. Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipoagiza kila mtu aivae hadharani, na faini ikafika shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, watu walitaka chochote cha kufunika pua wasizuiwe kupanda feri. Kitenge kipande kimoja, lastiki, basi. Machi 2022 waziri wa afya Mutahi Kagwe akaondoa lazima hiyo kwenye maeneo ya wazi, biashara ikalala. Juni mwaka huohuo akairudisha kwa maofisi, maduka, misikiti na makanisa, na ndani ya matatu.

Ukitazama vizuri, amri hizo zilihusu mahali pa kuvaa. Ushonaji wenyewe uliguswa na mwongozo mwingine, ule wa Shirika la Afya Duniani wa tarehe 5 Juni 2020, uliotaka barakoa ya kitambaa iwe na matabaka matatu. Hiyo ndiyo ya kushona, na kielelezo chake ukihifadhi.

La ndani, linalogusa mdomo, liwe pamba inayofyonza unyevu. Leso iliyokwisha lainika inafaa sana. La nje liwe mchanganyiko wenye poliesta, lisilolowa upesi. La kati ni kitambaa kisichofumwa cha polipropilini, kama kile cha mifuko ya kubebea bidhaa. Usitumie kitambaa kinachovutika. Kikivutwa matundu yake hupanuka.

Kwa mtu mzima kata kila kipande sentimita 24 kwa 18. Laza la nje na la ndani yakitazamana uso kwa uso, la kati liwe juu yake, shona kuzunguka ukiacha nafasi ya kupindulia. Pindua. Kwenye ukingo wa juu tia waya wa alumini. Wa chuma, kwa hewa yetu hii ya chumvi, utashika kutu na kuchora mstari wa kahawia puani. Kisha kunja marinda matatu, upande wa nje yaelekee chini, la sivyo yatakusanya vumbi. Malizia na lastiki pande zote mbili, lakini usiikate kabla ya kuipima usoni kwa mwenyewe. Hapo ndipo barakoa nyingi za kununua huharibika: kitambaa kizuri, mashavuni pengo la kupita kidole.

Wateja wengine waliniomba niwawekee valvu ili wapumue vizuri. Nilikataa. Valvu huitoa nje pumzi yako bila kuichuja, na jirani yako kwenye matatu ndiye anayeipokea.

Ifue kila siku kwa sabuni na maji moto, nyuzi 60 au zaidi. Huna maji moto? Ifue kwa maji ya kawaida, kisha ichemshe dakika moja. Ikilowa, badilisha.

Bibi au babu aliyepita miaka 60, au mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, mnunulie ile ya hospitali badala ya hii yangu. Na mtoto wa chini ya miaka mitano msimlazimishe barakoa. Kina mama huniletea vipimo vya watoto wa miaka miwili, mimi nawashonea kofia.