Namna ya kuitambua bunduki ya askari wa zamani pichani

Kazi yangu ni kuwatembeza wanafunzi na wageni hapa Posta, Dar es Salaam. Tukifika Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Maktaba, swali huwa lilelile: hiyo ni bunduki gani? Kila mtu hukimbilia jina. Ushauri wangu ni uanze na umbo. Ukilisoma vizuri, jina litakuja, na mara nyingi litakuja na mwaka wake.

Tazama urefu kwanza. Bunduki ndefu ilikuwa ya askari wa miguu. Karabini, iliyo fupi, ilikuwa ya wapanda farasi na wapiga mizinga. Gewehr 98 ya Wajerumani ina sentimita 125, karabini yake ya 98a ina kama 109. Waingereza walichoka kutengeneza za aina mbili, na kuanzia 1902 wakatoa Lee-Enfield fupi ya kila mtu, sentimita 113 hivi. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi.

Shuka tumboni. Lee-Enfield ina kasha la risasi 10 lililochomoza mbele ya kifyatulio, na mbao yake inakwenda karibu hadi mdomoni, ambako imekatwa bapa. Gewehr 98 inaficha risasi zake 5 ndani ya mbao, na mtutu wake mwembamba unatokeza mbele. Mauser ya 1871, bunduki ya Kijerumani ya zamani zaidi, haina kasha kabisa: unaweka risasi moja, unapiga, unaweka nyingine. Mkono wa bolti yake, yaani kile chuma unachokivuta kuifungua bunduki, umekaa mbele zaidi kuliko wa Gewehr 98.

Hiyo ya 1871 naomba uitazame kwa makini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, kombania nyingi za askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani hapa kwetu bado zilikuwa nayo. Ilitumia baruti nyeusi kusukuma risasi nene ya milimita 11, na kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe. Mpiganaji aliyejificha kichakani akipiga mara moja tu, adui ameshajua pa kulenga. Mjerumani mwenye silaha mpya hakuwa na tatizo hilo. Ndiyo maana napigania bunduki zitambuliwe sawasawa: inakuambia ni babu wa nani aliyewekwa kwenye hatari zaidi.

Usiitumie bunduki kuamua mtu alikuwa jeshi gani. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki za Waingereza pamoja na shehena kubwa ya risasi, wakawapa askari wao. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ikawaletea Mauser mpya, ikazama ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi zilizopolewa zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikafunguliwa, zikasafishwa, zikajazwa upya, na vita vikaendelea. Mavazi na kofia vitakusaidia zaidi kujua jeshi.

Kwenye maelezo ya makumbusho utakuta namba kama 7.92x57. Ya kwanza ni takriban kipenyo cha risasi, ya pili ni urefu wa ganda lake, zote kwa milimita. Herufi R maana yake ganda lina ukingo uliotokeza kitakoni, kama la Lee-Enfield, 7.7x56R, ambayo Waingereza huiita .303. Soma namba zote mbili. Picha za wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa hapahapa Dar es Salaam 1962, zina AK na karabini za SKS. Zote mbili hutumia 7.62x39. Ile ya NATO ni 7.62x51: kipenyo kinaitwa sawa, ganda ni refu zaidi, na haziingiliani.

Ukimaliza, andika nyuma ya nakala ya picha ulichokiona, si ulichokisia: "kasha limechomoza, mdomo bapa." Mwenzako ataweza kuhakiki.

Na ukiokota risasi ya zamani shambani au kwenye msingi wa nyumba, iache palepale. Usiisugue, usiigonge, usiiweke karibu na moto. Weka alama, zuia watoto, kisha mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi. Kukaa na risasi bila kibali ni kosa, hata ukiiita kumbukumbu ya babu.