Dampa ya usukani: kagua kwanza, funga baadaye

Magari yenye ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kigumu kinachounganisha magurudumu yote mawili, kama Land Rover Defender za zamani, Suzuki Jimny, Jeep Wrangler na Land Cruiser za mfululizo wa 70, huwa na silinda nyembamba iliyolala kwa upana karibu na fimbo za usukani. Hiyo ndiyo dampa. Wenye magari wengi huikumbuka siku usukani unapoanza kutetemeka, na wakifika gereji ombi ni moja: nifungie mpya, tena kubwa. Mimi huanza kwa kuifungua ya zamani na kuiweka kando. Gari lisilo na hitilafu linapaswa kwenda vizuri kwa mwendo wa kawaida hata bila dampa. Lisipoweza, kuna kitu kimelegea, na dampa mpya itafunika kombe tu.

Ndani ya dampa kuna pistoni yenye vitundu vidogo inayotembea kwenye mafuta. Ncha moja imefungwa kwenye ekseli au chesisi, nyingine kwenye fimbo ya usukani. Ni kama mkono majini: ukiupitisha taratibu maji yanakupisha, ukipiga kofi yanakugomea. Kwa hiyo unapokata kona husikii kitu, lakini tairi likigonga jiwe na kutaka kukupokonya usukani, mafuta hayawahi kupita na pigo linafia humo humo. Kumbuka pia kwamba dampa hukaza sawasawa ikivutwa na ikisukumwa, ilhali shokamzoba za kawaida hukaza zaidi zinapovutwa. Wanaofunga shokamzoba kuukuu mahali pa dampa wanajitafutia gari lenye usukani mzito upande mmoja.

Kuna kazi moja ambayo watu huisingizia dampa: kurudisha usukani katikati. Hiyo ni kazi ya kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Gari lenye springi za koili mbele likiongezwa kimo bila kasta kurekebishwa, mlalo huo hupungua na gari huanza kutangatanga barabarani. Hapo hata ukifunga dampa tatu hupati kitu.

Hatua ya 1: matairi. Pima upepo, fanya balansi, angalia kama kuna tairi lililovimba au rimu iliyopinda. Kazi fupi, na mara nyingine safari inaishia hapa.

Hatua ya 2: tafuta kinachocheza. Usiikimbilie hatua hii. Fungua dampa, acha matairi yakiwa chini, washa injini, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Mwenzako akae ndani azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kukata kona yote. Wewe angalia kwa tochi, na weka vidole juu ya kila kiungo: kiungo kilichochoka utakihisi kabla hujakiona. Anza na fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende upande. Tazama boliti zake mbili. Boliti ikisogea ndani ya tundu hata kidogo, au kukiwa na mstari wa chuma kinachong'aa pembeni ya nati, umempata mwizi. Kukaza peke yake hakutoshi ikiwa tundu limeshalika na kuwa la yai.

Kisha inua gurudumu kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi, au kingpini au boli jointi, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Shika kushoto na kulia: likicheza huku tu, macho yaende kwenye ncha za fimbo za usukani. Badilisha kilichochoka, kisha upeleke gari kwenye alaimenti.

Hatua ya 3: pima dampa uliyoifungua. Ivute na uisukume kwa mkono hadi mwisho. Inatakiwa kukaza mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Ikiwa kuna mahali inateleza bure, au mafuta yamelowesha shina lake, imekwisha. Kama ni nzima, irudishe ulipoitoa.

Hatua ya 4: kufunga mpya. Nyoosha magurudumu kwanza. Dampa ikae katikati ya mwendo wake, ili ibaki na nafasi sawa kushoto na kulia. Kata usukani hadi mwisho kila upande huku mtu akitazama chini: kinachotakiwa kuzuia magurudumu ni stopa za ekseli, kamwe isiwe dampa iliyofika ukingoni. Isiguse difu, lile nundu la gia kwenye ekseli, wala fimbo ya Panhard. Kaza nati kwa kipimo cha mtengenezaji, magurudumu yakiwa yamenyooka ili bushi, zile raba za kwenye ncha, zisijisokote.

Je, inafaa kugharamia? Ukiwa na matairi makubwa, ukipita sana kwenye mawe na makorongo, au ya zamani ikiwa inavuja, ndiyo, bila kusita. Gari dogo la lami lisilotoka na dampa kiwandani, achana nayo. Dampa mbili kwa pamoja sizipendi: usukani unakuwa mvivu kurudi, na ulegevu unaoanza leo utausikia ukiwa umeshakomaa.

Hatua ya 5: barabarani. Anza polepole mahali pasipo na magari. Usukani ukitikisika kwa nguvu, ushike bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye mafuta na uache mwendo upungue wenyewe hadi utulie. Gari likivuta upande mmoja baada ya kufunga dampa ya gesi, shuku gesi hiyo, maana husukuma shina litoke nje muda wote. Ifungue ncha moja, ujaribu tena kwa mwendo mdogo: likinyooka, badilisha na ya mafuta matupu. Nati zote zikague tena baada ya siku chache za kutembea.