Kufumua sweta la mtumba mpaka liwe kofia ya mlimani, navyofanya mimi hapa Moshi

Watu wananiuliza uzi wa sufu naupata wapi, maana ukienda madukani ukaomba uzi wa kufumia unapewa akriliki, ule uzi wa plastiki, rangi nzuri zipo kibao ila sufu hamna. Mi naupata soko la Memorial hapa hapa Moshi, kwenye mitumba. Nanunua sweta, nalifumua lote mpaka uzi wa mwisho, naufua, naunyoosha, alafu ndo naanza kufuma upya. Ina kazi, sikatai, lakini sweta moja la mwanaume mtu mzima nililonunua elfu tatu lilinipa kofia nne na uzi ukabaki.

Aliyenifikisha huku ni kaka yangu. Yeye ni mgumu, ndo tunavyowaita wapagazi, anabeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro, mara nyingi njia ya Machame. Kofia ya kwanza nilomfumia ilikuwa ya uzi wa pamba, laini kweli, niliipenda mno, na nikamkabidhi kwa furaha. Siku ya kwanza tu mvua ikawanyea msituni kabla hawajafika kambi ya Machame, kofia ikalowa, na mpaka wanafika kambi ya Shira kesho yake bado mbichi, baridi tupu kichwani. Alivyorudi hakulalamika, aliniambia tu "dada, hii nitavaa mjini". Iliniuma. Ndo nikaanza kuulizia mpaka nikaelewa kwamba pamba ikishalowa haina joto tena, ila sufu inaweza kunyonya maji mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi umelowa, na hata ikilowa bado inahifadhi joto. Kwa mtu anayelala kambi ya Barafu kule juu usiku hiyo sio jambo dogo.

Basi tuanze na kuchagua. Nenda asubuhi wakifungua mabalo, na usiangalie mtindo wala rangi kwanza, angalia lebo. Mitumba yetu inatoka nchi nyingi kwa hiyo lebo inaweza isiwe ya Kiingereza: ukikuta wool, au Wolle, au laine, au lana, zote ni sufu tu kwa lugha tofauti. Ikiwa lebo imekatwa, muombe muuzaji akunyofolee uzi kidogo kwa ndani (mi namwambia mangi, nijaribu uzi huu kama ni sufu, nikiona ndo nanunua, na wengi wananiachia) alafu uuchome kwa kiberiti pembeni palipo wazi. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima wenyewe ukiondoa kiberiti, na jivu ukilibonyeza linasagika. Akriliki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi, hicho usikishike kikiwa cha moto kinaunguza vibaya. Pamba inawaka kama karatasi na harufu yake ni ya karatasi.

Sasa hapa ndo wengi wanapoteza hela, na mimi nilipoteza. Geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Kama kingo zimekatwa na mkasi alafu zikapigwa ovaloku kama fundi anavyomalizia fulana, rudisha, hata kama ni sufu tupu, maana kila mstari umeshakatwa pale ubavuni, ukifumua unapata vipande vifupi vifupi vya urefu wa kifua cha mtu. Mi nilikaa jioni nzima sebuleni navuta, kila nikivuta unakatika, nikapata rundo la nyuzi fupi kama nywele za saluni. Unachotaka ni sweta ambalo kingo zake zimefumwa zikaisha zenyewe, ukiangalia ndani unaona msuko kama wa nywele umeshikanisha pande mbili. Pia liinue kwenye mwanga: tundu moja la nondo ni uzi umekatika, matundu kumi ni uzi umekatika mara kumi. Na kama sweta limeshaganda, huoni vitanzi vizuri, halifumuki hilo.

Ukifika nyumbani, likate kwenye mshono kwa kile kidude cha fundi cha kufumulia mishono au mkasi mdogo wa ncha, na ukate uzi wa mshono tu. Hapa pole pole, mwanga mzuri. Tenganisha mikono, mbele, nyuma, kola. Masweta mengi ya mashine yamefumwa kutoka chini kwenda juu kwa hiyo unafumua kuanzia juu, shingoni na mabegani, ukianzia chini uzi unakwama kila kitanzi na utafikiri sweta bovu. Ukishaupata ule uzi wenyewe unajua, unavuta na mstari mzima unafunguka triiii mpaka mwisho, unageuka, triiii unarudi. Watoto wa jirani wanakuja kukaa mlangoni kuniangalia wakisikia naanza. Uzi wake unatoka umejikunja kunja kama tambi, ndo ulivyo, usiogope.

Usiuzungushe donge saa hiyo. Uzungushe mgongoni mwa kiti, mizunguko mingi, ufunge sehemu nne kwa kamba ya uzi mwingine bila kukaza, alafu uutoe. Weka maji ya vuguvugu kwenye beseni na sabuni kidogo tu, tumbukiza, acha dakika 20 mpaka 30. Usisugue. Usipikiche. Usiminye kwa kuzungusha kama unakamua shuka. Nasema hivi kwa sababu sweta langu la pili, jeupe, zito, sufu safi, nililiweka kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni ya unga nikalikanyaga kwa miguu kama blanketi, nikijua nalisafisha kabla ya kulifumua. Lilitoka limekuwa dogo la kumtosha mtoto wa darasa la kwanza na gumu kama zulia. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, ukikutana na joto, maji na msuguano kwa pamoja yale magamba yanakamatana na hayaachiani tena maisha. Nilikata vishikio vya sufuria, vipo jikoni mpaka leo, vinazuia moto vizuri sana.

Ukishatoa majini, ukamue kwa kubonyeza kwenye taulo, uutundike kivulini na chini yake uninginize kitu chenye uzito kidogo, mi naweka kikombe cha bati. Ule mkunjo wa tambi unanyooka. Huku mjini siku moja na nusu unakauka, mwezi wa nne mvua za masika zikikaza hata siku tatu. Ukikauka ndo unazungusha donge.

Sindano sasa. Bibi yangu kule Uru alikuwa anafumia spoku za baiskeli, anasaga ncha kwenye jiwe mpaka zinateleza, na masweta yake yalikuwa yamebana vitanzi vidogo vidogo mazuri ajabu. Spoku ni kama milimita 2, kwa uzi mmoja mwembamba zinafaa, ila uzi wa mitumba mi nafuma nyuzi mbili kwa pamoja ili kofia iwe nene, kwa hiyo natumia sindano za milimita 5. Kuwa makini na sindano za zamani zenye namba za Kiingereza, zile zinakwenda kinyume, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 6 ndo milimita 5.

Kabla ya kofia, fuma kipande cha kupimia. Najua unataka kuanza, hata mimi kila mara nataka kuanza. Weka vitanzi kama 30, fuma mpaka kiwe mraba, ukifue kama ulivyofua uzi, kikauke, alafu ndo upime katikati sentimita 10 zina vitanzi vingapi. Hapo kwenye kukifua ndo nilipokosea kwenye kofia ya kwanza ya sufu. Nilipima kibichi hivyo hivyo kimetoka kwenye sindano, nikapata vitanzi 20 kwa sentimita 10, nikaweka vitanzi 102, nikafuma siku nne usiku usiku, kofia ikanikaa vizuri. Nikaifua, uzi ukalegea, sasa 18 kwa sentimita 10, kofia ikawa karibu sentimita 57 na kichwa cha kaka ni 56, ikamshuka mpaka machoni. Nilifumua yote. Usiku ule sikushika tena sindano, niliweka kikapu juu ya kabati nikalala. Asubuhi nikaona donge liko pale pale, uzi wote upo, hamna kilichopotea isipokuwa siku nne, nikaanza tena.

Hesabu yenyewe ndo hii. Kofia inatakiwa iwe ndogo kuliko kichwa kwa kama sentimita 5 ili ishike, kwa hiyo kichwa 56 kofia 51. Kwa vitanzi 18 kila sentimita 10, 51 ni karibu 92. Ongeza viwili vya kushonea, 94. Kama kipande chako kimekupa namba nyingine, tumia yako, ila hakikisha jumla ukitoa viwili inagawanyika kwa nne.

Weka 94. Ukingo: vitanzi viwili vya mbele (knit), viwili vya nyuma (purl), hivyo hivyo mpaka mwisho, na utamaliza na viwili vya mbele. Ukigeuza unafuma kila kitanzi kama unavyokiona. Endelea mpaka sentimita 6, hapo ndo panavutika na kubana masikio. Alafu juu yake upande wa uso, yaani wa nje, fuma vyote vya mbele, upande wa ndani vyote vya nyuma, mpaka jumla kutoka chini ifike sentimita 15.

Kitanzi kikidondoka usifumue kofia nzima! Kilinidondoka kimoja mistari kumi na mbili chini, nikakiona niko karibu na utosi, moyo ukanipasuka. Kinaacha kama ngazi. Chukua sindano ya kroshia, ikamate kitanzi pale chini, vuta kijiti cha kwanza cha ngazi kipite katikati, kisha kinachofuata, unapanda nacho mpaka juu unakirudisha kwenye sindano. Nilikamilisha kwenye taa ya simu umeme umekatika, nikamuita mama aje aone, na hakuweza kunionyesha kilipokuwa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kumaliza kofia yenyewe.

Utosi. Kwenye mstari wa uso punguza vitanzi vinne kwa kuachanisha, ubaki na 90, rudi mstari mmoja kawaida. Sasa acha kimoja cha kushonea kila pembe, katikati una 88 ambavyo ni mafungu manane ya 11. Mstari wa uso: fuma tisa, alafu viwili kwa pamoja, rudia mara nane. Rudi kawaida. Mstari wa uso unaofuata fuma nane na viwili kwa pamoja, kisha saba, sita, unashuka hivyo, na kila ukirudi upande wa ndani hupunguzi. Ukifika fuma kimoja na viwili kwa pamoja, utabaki na vitanzi 18. Kata uzi uache urefu wa mkono, upitishe kwenye vitanzi vyote 18 na sindano ya kushonea magunia, vuta mpaka tundu lizibe, pitisha tena mara ya pili maana huu utosi ndo unaobeba kazi yote.

Kwa huo huo uzi shuka unashona mgongo wa kofia ukiwa upande wa uso, chukua kile kijiti kilicho kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili, upande huu kimoja upande ule kimoja, vuta baada ya kila vichache. Ukifanya hivi ile mbavu ya ukingo inaungana viwili viwili kama haijawahi kukatwa. Ncha za uzi zifiche kwa ndani, sio kufunga fundo, fundo linasumbua kichwani ukilala nalo.

Ifue tena vuguvugu, ikaushe ikiwa imevalishwa bakuli lililogeuzwa.

Kaka alipanda na hiyo ya vitanzi 94 mwezi wa saba, rangi ya damu ya mzee. Akarudi bila kofia. Nikajua imepotea, kumbe mwenzake kwenye timu kofia yake ililowa wakiwa kambi ya Barranco, kaka akamuazima, na yule naye mpaka getini hakutaka kuivua. Kwa hiyo nadaiwa mbili, ya kaka na ya huyo mwingine ambaye ameshanitumia kipimo cha kichwa, 58, na juzi nimepata Memorial sweta la kijivu la lebo ya lana, mshono safi, mikono yote miwili nimeshaifumua na iko kwenye kamba nyuma ya nyumba inakauka.