Somo: Kusoma na kurekodi faili za sauti kwenye Pure Data

Wakuu, leo tuingie kwenye faili za sauti. Wengi wakishaweza kutoa mlio kwa osc~ (kisanduku kinachotoa mlio) na dac~ (kinachopeleka sauti kwenye spika) hukwama hapa, na mara nyingi tatizo ni kuchagua kisanduku kisichofaa kwa kazi. Pure Data (kwa kifupi Pd), programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya, iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990, ina njia mbili za kufikia faili: kuipakia yote kwenye kumbukumbu, au kuisoma kidogo kidogo kutoka kwenye diski huku ikicheza. Amua kwanza unataka ipi, ndipo uanze kuvuta nyaya.

Kabla ya yote, hifadhi pachi yako (faili yenye visanduku na nyaya zako) kwenye folda moja na sauti zako. Ukiandika jina la faili peke yake, Pd huanza kulitafuta pale pachi ilipohifadhiwa.

Hatua ya 1: sauti fupi, soundfiler

Weka kisanduku hiki, yaani jedwali la kuhifadhia sauti, jina lake ngoma:

table ngoma

Kisha weka soundfiler, inayopakia faili yote kwenye jedwali, na juu yake kisanduku cha ujumbe:

read -resize ngoma.wav ngoma

Unganisha ujumbe na soundfiler, halafu chini ya tundu lake la kushoto weka kisanduku cha namba. Ukibofya ujumbe, namba itakayotokea ni idadi ya sampuli (namba moja moja zinazounda sauti) zilizosomwa. Ukiona 88200 na faili ni ya sampuli 44100 kwa sekunde, umepata sekunde 2 za sauti. Ukiona 0, soma kosa kwenye dirisha kuu la Pd. Mara nyingi ni jina la faili limekosewa.

Hiyo -resize usiiache. Bila hiyo jedwali hubaki na urefu wake wa mwanzo, na table uliyoiweka bila kutaja urefu ina nafasi 100 tu. Hizo ni kama milisekunde 2. Utasikia "tik" moja, udhani faili imeharibika, kumbe ni nzima.

Kuicheza, tengeneza tabplay~ ngoma, iunganishe na dac~, kisha uitumie bang (ishara ya "anza"). Lakini raha ya kuwa na sauti kwenye kumbukumbu ni kuichezea utakavyo. Tumia tabread4~ ngoma (husoma jedwali pale unapoielekeza), juu yake vline~ (hutoa namba zinazopanda au kushuka kwa muda unaotaja), na juu ya vline~ ujumbe huu:

0, 88200 2000

Maana yake: anza sampuli ya 0, nenda hadi 88200 kwa milisekunde 2000. Weka 4000 badala ya 2000 na sauti itakwenda nusu ya kasi, ikishuka oktavo moja. Andika 88200, 0 2000 nayo itacheza kinyumenyume. Jaribu hili kabla ya kuendelea, kwa sababu hapa ndipo utaelewa kwamba jedwali ni namba tu zilizopangwa, nawe ndiye unayeamua zisomwe vipi.

Hatua ya 2: sauti ndefu, readsf~

Pd hukokotoa sauti kwa mafungu ya sampuli 64, yaani chini kidogo ya milisekunde 1.5 kwa kila fungu. soundfiler inaposoma, kila kitu kingine kinaisubiri. Ukipakia faili ya nusu saa katikati ya onyesho, wasikilizaji watasikia sauti ikikatika. readsf~, inayosoma faili kidogo kidogo, haina shida hiyo kwa sababu usomaji wake wa diski unafanyika pembeni.

Weka readsf~ 2 kwa stirio, unganisha matundu mawili ya kushoto na dac~, kisha andaa ujumbe wa aina tatu: open mahojiano.wav, 1, na 0. Bofya open kwanza, iache ipumue kidogo ijaze akiba yake, ndipo ubofye 1. 0 inasimamisha. Tundu la mwisho kulia hutoa bang faili inapoisha. Ukitaka kurudia, lazima ufanye open tena.

Hatua ya 3: kurekodi, writesf~

Unganisha adc~ (sauti inayoingia kutoka maikrofoni) na writesf~ 2 (inayoandika sauti kwenye faili), hakikisha DSP (ukokotoaji wa sauti wa Pd) imewashwa, kisha bofya kwa mpangilio huu:

open -bytes 3 rekodi.wav
start
stop

Baiti 2 ni biti 16, 3 ni biti 24, na 4 ni desimali za biti 32. Kwa 2 na 3, chochote kinachozidi 1 au kushuka chini ya -1 hukatwa na hakirudi. Kama huna uhakika na ukubwa wa sauti, tumia 4.

Tahadhari kubwa: writesf~ haiulizi. Ikikuta rekodi.wav ipo, inaandika juu yake. Tumia makefilename rekodi-%d.wav (inaweka namba mahali pa %d), iingizie namba mpya kila mara, na itoe jina kwenda kwenye ujumbe open -bytes 3 $1.

Kuandika jedwali kwenye diski ni rahisi zaidi: tuma write mpya.wav ngoma kwa soundfiler, basi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Sauti yangu inacheza, ila imekuwa nzito na ya polepole kidogo. Faili ni nzima, nimeijaribu kwenye programu nyingine.

Jibu: Bila shaka faili ni ya 48000 na Pd yako iko 44100. Pd haibadilishi kiwango cha sampuli, inacheza namba kama zilivyo. Badili kiwango kwenye mipangilio ya sauti, au kwa vline~ hesabu muda kwa kiwango cha faili: kila sampuli 48000 zipite kwa milisekunde 1000. Kwenye matoleo mapya, tundu la kulia la soundfiler hutoa orodha, na namba yake ya kwanza ndiyo kiwango cha faili.

Swali: MP3 je?

Jibu: Pd ya kawaida haisomi kwa visanduku hivi. Igeuze kuwa WAV kwanza.

Swali: Majina ya faili zangu yana nafasi katikati, Pd inagoma. Nibadilishe yote?

Jibu: Hapana. Weka openpanel (dirisha la kuchagua faili), ipe bang, chagua faili, na tundu lake liende kwenye ujumbe open $1 kisha readsf~. Jina litafika zima pamoja na nafasi zake. Kwa soundfiler tumia read -resize $1 ngoma.