Namna ya Kumtuma Mwinjilisti kwa Jirani wa Kabila Lingine

Kanisa la Bukavu, mashariki mwa Kongo, linalokusudia kumtuma mwinjilisti kwa Batwa, watu wa asili wa msitu, waishio kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, katika vijiji vya maeneo ya Kabare na Kalehe, hudhani mara nyingi kwamba kazi ni nyepesi kwa kuwa njia ni fupi na Kiswahili kinasikika pande zote. Wazee waiache dhana hiyo, kisha wajifunze, pamoja na yule wanayemtuma, yaliyowapata wenyeji. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Batwa wakaondolewa katika msitu uliowapa chakula na dawa, wasipewe ardhi ya kuwatosha kulima. Mhubiri asiyeyajua hayo atasimulia habari za nchi ya ahadi bila kutambua kwamba anagusa kidonda.

Lugha ipewe miezi yake. Kiswahili kitamfikisha sokoni, lakini wazee na wafiwa wataeleza yaliyo moyoni kwa Mashi au Kihavu. Huko Listra, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume 14, watu walipaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ya kwao, na kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu kana kwamba ni miungu, ndipo mitume walipokimbilia kuwazuia. Basi mwinjilisti akae katika familia ya wenyeji, asikilize kuliko kuhubiri, na aulize maana ya jambo kabla ya kulikataza.

Jambo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni chakula. Katika nchi yetu wapo majirani wasiokubali kula chungu kimoja na Mtwa wala kunywea kikombe chake, na desturi hiyo imeingia hata miongoni mwa waumini. Asiyeweza kuketi na kula kilichopikwa na mama wa Kitwa asitumwe, hata akiwa anayajua Maandiko kwa moyo. Aulizwe waziwazi kabla ya kuwekewa mikono. Na Batwa watakapokuja mjini kuabudu, kikombe cha Meza ya Bwana kiwe kilekile kwa wote, kwa maana Paulo alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia kwa sababu alijitenga na meza ya watu wa mataifa.

Chumvi, nguo na dawa visigawiwe siku ya mahubiri wala kwa waliobatizwa pekee, kwa kuwa mwenye njaa ataitika amina kwa ajili ya watoto wake. Msaada upitie kwa wazee wa kijiji na kuwafikia wote. Posho ya mwinjilisti itoke Bukavu kila mwezi, asiwalemee watu wasio na shamba.

Tangu mwaka wa kwanza, awaandae wenyeji wawili au watatu waongoze ibada, watunge nyimbo kwa ngoma zao, na wawe wa kwanza kusikilizwa kuhusu desturi za ndoa na mazishi. Sadaka ikianza kutolewa, hata ikiwa ni viazi vitamu, ishikwe na waumini wa Kitwa wenyewe, na Bukavu isidai fungu lolote.