Kuchora Mto Kilombero kwa akriliki: umbali na taswira za majini

Asubuhi yenye ukungu Kilombero, kusini mwa Tanzania, ina yote: safu za milima ya Udzungwa nyuma, miti ya ukingoni, matete na mtumbwi mbele. Andaa kanvasi ya sentimita 60 kwa 40, brashi bapa mbili, nyembamba moja, na rangi nne za akriliki (rangi zinazochanganywa na maji na kukauka haraka): nyeupe, bluu ya ultramarini, kahawia nyekundu na njano ya udongo. Kijani usinunue. Bluu na njano hiyo hutoa kijani kilichotulia.

1. Piga mstari wa ukingo wa mbali sentimita 16 kutoka juu, kwa rula. Mstari ukiinama kidogo tu, mto utaonekana unamwagika.

2. Paka anga: bluu hafifu juu, ikizidi weupe kadiri unavyoshuka.

3. Changanya bluu mbili kwa kahawia moja. Safu ya mbali, sehemu moja ya mchanganyiko huo kwa nane za nyeupe. Ya kati, moja kwa nne. Ya karibu, moja kwa mbili, na njano kidogo. Wengi huharibu hapa: wanajua mlima una msitu, basi wanaupaka kijani kibichi, nao unasogea mbele. Hewa yenye mvuke hutawanya mwanga, ndiyo maana giza la mbali hupauka na kuingia ubluu. Jaribu kila rangi kwenye karatasi na usubiri ikauke, kwani akriliki ikikauka hukolea. Kabla safu haijakauka, futa miguu yake kwa brashi kavu upate ukungu.

4. Sasa maji. Taswira hushuka wima chini ya kitu chenyewe. Vuta rangi kwenda chini, kisha pitisha brashi safi kwa mlalo, mara moja tu. Ukirudia utapata tope. Cheusi kipauke kidogo majini, cheupe kiingie giza kidogo. Usinakili mlima mzima: uko nyuma sana ya ukingo, hivyo miti hufunika sehemu kubwa ya taswira yake. Kadiri unavyokaribia mbele, ongeza njano ya udongo, maana mto huu hubeba udongo.

5. Viwimbi: vyembamba na vilivyobanana mbali, vipana na vyenye nafasi karibu. Acha sehemu kubwa imetulia.

6. Giza zito kabisa, yaani mchanganyiko wa hatua ya 3 usiotiwa nyeupe, liweke kwa matete na mtumbwi peke yake. Pondo, mti wa kusukumia mtumbwi, likiegemea kushoto, taswira yake nayo huegemea kushoto. Malizia kwa mstari mwembamba wa giza hilohilo pale mtumbwi unapogusa maji. Ukiusahau, mtumbwi utaning'inia hewani.